Kuandika ujumbe kwenye logi ya mfumo kwa mstari wa amri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaosimamia kompyuta za maduka, ofisi ndogo, shule na zahanati za Tanga mjini na wilaya za jirani kama Muheza, Pangani na Mkinga, ambako mara nyingi fundi mmoja huangalia mashine za sehemu kadhaa na hawezi kukaa mbele ya kila moja. Mifano yote ni ya Linux, hasa Debian na Ubuntu, isipokuwa pale inapotajwa vinginevyo. Linalosisitizwa tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba kazi yoyote inayofanywa na mashine wakati hakuna anayeitazama inapaswa kuacha neno katika logi ya mfumo, na neno hilo liandikwe kwa namna ambayo mtu ambaye hakuwepo ataelewa kilichotokea.

Logi ya mfumo ni nini, na kwa nini nisiandike tu kwenye faili langu mwenyewe?

Logi ya mfumo ni mahali pamoja ambapo kerneli (kiini cha mfumo), huduma na programu za kompyuta huandika habari za yale yanayotokea, kila habari ikiwa na saa yake, jina la mashine na jina la programu iliyoileta. Utaratibu huo, unaoitwa syslog, ulianzishwa na Eric Allman katika miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe, kisha programu nyingine zikaufuata. Desturi zake zilielezwa katika waraka wa RFC 3164 mwaka 2001, na mwaka 2009 ukatoka RFC 5424 ulioweka kanuni rasmi. Katika Linux nyingi za leo anayepokea habari hizo ni systemd-journald, na pembeni yake mara nyingi huwepo rsyslog, ambayo huziandika kama maandishi ya kawaida ndani ya `/var/log`.

Kuandika kwenye faili lako si kosa, lakini utalazimika kuweka saa mwenyewe, kulipunguza linaponenepa na kulilinda lisisomwe na kila mtu. Hasara kubwa zaidi ni kwamba habari yako itakaa peke yake. Tuseme usiku diski ya nje imejitoa, kerneli ikaandika hivyo, na dakika mbili baadaye kazi yako ya kunakili mauzo ikashindikana. Katika logi ya mfumo mistari hiyo inafuatana, na sababu inaonekana juu ya tokeo lake. Katika faili lako utaona tu kwamba kunakili kumeshindikana.

Amri yenyewe ni ipi?

Ni `logger`. Ilionekana kwanza katika 4.3BSD, imo katika kanuni za POSIX, na katika Linux hutoka kwenye mkusanyiko wa util-linux, kwa hiyo karibu kila mashine tayari inayo. Matumizi yake mepesi kabisa ni haya:

```
logger "Nakala ya mauzo imekamilika"
```

Ukibonyeza Enter hutaona chochote, na ukimya huo ni wa kawaida. Ili uone kilichoandikwa, tumia `journalctl -n 5`, ambayo huonyesha mistari mitano ya mwisho:

```
Mar 06 20:15:42 duka-ngamiani karani[4127]: Nakala ya mauzo imekamilika
```

Hapo `duka-ngamiani` ni jina la mashine, na `karani` ni jina la mtumiaji aliyetoa amri, kwa kuwa hatukutaja lebo. Lebo huwekwa kwa `-t`, na nashauri isikosekane kamwe, maana ndiyo utakayoitumia kutafuta siku ya shida:

```
logger -t nakala-mauzo "Nakala ya mauzo imekamilika"
journalctl -t nakala-mauzo
```

Chagua lebo inayotaja kazi. Jina la mtu au la aina ya mashine halifai, kwa sababu karani anaweza kuhama na mashine inaweza kubadilishwa, ilhali kazi ya kunakili mauzo itabaki ileile.

Natafuta `/var/log/syslog` siioni. Logi imepotea?

Haijapotea. Tangu Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, rsyslog haisakinishwi yenyewe, kwa hiyo faili hilo halitengenezwi na habari zote ziko kwa journald. Zisome kwa `journalctl`, au usakinishe rsyslog ukipenda maandishi ya kawaida. Kwenye jamii ya Red Hat faili linalofanana na hilo ni `/var/log/messages`. Kumbuka pia kwamba mtumiaji yeyote anaweza kuandika kwenye logi, lakini kusoma habari za mfumo mzima kunahitaji `sudo` au uanachama wa kikundi cha `adm` au `systemd-journal`.

Ujumbe wangu niupe uzito gani?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu hapa ndipo logi nyingi zinapoharibika. Ngazi za uzito ni nane, kuanzia 0 hadi 7: `emerg`, `alert`, `crit`, `err`, `warning`, `notice`, `info` na `debug`. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo jambo linavyokuwa zito. Ngazi hutajwa kwa `-p` pamoja na fungu, yaani upande ujumbe ulikotoka (mafungu yanaelezwa mbele), na usipotaja chochote `logger` hutumia `user.notice`.

Chukua mfano wa chumba cha baridi cha mfanyabiashara wa samaki karibu na soko la Deep Sea, chenye kihisi joto kilichounganishwa kwenye kompyuta ndogo, na skripti inayosoma kihisi hicho kila baada ya dakika tano. Samaki waliogandishwa hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Kipimo cha kawaida kiandikwe kwa `info`, kwa kuwa hakimtaki mtu yeyote afanye kitu. Joto likipanda kupita nyuzi 15 chini ya sifuri, hiyo ni `warning`, maana bado kuna muda wa kwenda kutazama kama mlango umefungwa vizuri. Likipita nyuzi 10 chini ya sifuri, mali inaharibika, na hiyo ni `crit`. Kihisi kisipojibu kabisa, andika `err`, na usikichanganye na joto kubwa: kazi ya kusoma imeshindikana, lakini hali ya samaki haijulikani, na atakayeamshwa usiku ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili limemtoa kitandani.

```
logger -t chumba-baridi -p local2.warning "Joto limepanda: nyuzi -14.2, kikomo ni -15"
```

Faida ya kupanga hivyo utaiona siku ya kusoma. Amri ya `journalctl -t chumba-baridi -p warning` huleta `warning` na yote yaliyo mazito kuliko hiyo, ikiacha vipimo vya kawaida ambavyo kwa mwendo wa dakika tano hufika 288 kwa siku. Mtu akiandika kila kitu kwa `err` ili kisipuuzwe, matokeo yake ni kwamba vyote vitapuuzwa.

Ngazi ya `emerg` usiiguse. Kwa mipangilio ya kawaida ujumbe wa ngazi hiyo hurushwa kwenye terminali ya kila aliyeingia katika mashine, ukivuruga kazi zao, na umekusudiwa kwa mfumo ambao hautumiki tena.

Kwa nini `logger` inakataa ujumbe unaoanza na kipimo cha chini ya sifuri?

Kwa sababu kistari kilichotangulia namba kinachukuliwa kuwa mwanzo wa chaguo. Amri kama `logger -t chumba-baridi "-17.5"` itarudisha lawama kwamba chaguo hilo halijulikani, na alama za nukuu hazisaidii hapo, kwa kuwa zinaondolewa na sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, kabla `logger` haijaona chochote. Weka vistari viwili kabla ya ujumbe, `logger -t chumba-baridi -- "-17.5"`, au anza ujumbe kwa neno. Njia ya pili ni bora, kwani namba tupu haimwelezi kitu msomaji wa kesho.

Nimeandika ujumbe wa Kiswahili, nikabonyeza Enter, terminali ikanionyesha alama ya `>` na kusubiri. Kuna nini?

Bila shaka ujumbe wako ulikuwa na neno lenye ng' na uliuzungushia nukuu moja moja. Tazama mfano huu:

```
logger -t mtandao 'Waya wa ruta umeng'oka'
```

Sheli inaona nukuu ya kwanza ikifunguka kabla ya neno la kwanza, inaona ya pili ikifunga katikati ya "umeng'oka", kisha inakuta ya tatu ikifungua tena mwishoni bila kufungwa. Ndiyo maana inasubiri. Bonyeza Ctrl-C utoke, kisha uandike kwa nukuu mbili mbili:

```
logger -t mtandao "Waya wa ruta umeng'oka"
```

Hatari zaidi ni ujumbe wenye maneno mawili ya namna hiyo, kwa mfano "Kifaa kimeng'olewa na taa haing'ai". Hapo nukuu zinafikia idadi shufwa, sheli hailalamiki, na ujumbe unaingia kwenye logi ukiwa umepoteza alama zake. Kwa hiyo ujumbe wa Kiswahili uandikwe kwa nukuu mbili mbili siku zote. Ndani ya nukuu hizo alama ya `$` bado ina kazi yake, jambo zuri unapotaka kuweka thamani ya kigeu na baya unapotaka kuandika bei ya dola, ambayo itabidi itanguliwe na `\`. Kuacha nukuu kabisa hakufai: nyota moja tu katika ujumbe itageuzwa kuwa orodha ya mafaili yote ya folda uliyomo.

Zaidi ya hapo Kiswahili hakileti taabu yoyote, kwa kuwa maandishi yake ya kawaida hayana herufi nje ya zile ambazo kila mfumo unazijua. Andika kwa Kiswahili bila wasiwasi, ila amua neno moja la mafanikio na moja la kushindwa, uyatumie hayohayo daima, ili utafutaji usikuchoshe. Katika mifano inayofuata maneno hayo ni IMEFAULU na IMESHINDIKANA.

Mafungu kama `local0` ni ya nini?

Fungu hueleza ujumbe umetoka upande gani: `mail` kwa barua pepe, `cron` kwa kazi za ratiba, `authpriv` kwa habari za kuingia, na kadhalika. Mafungu manane, `local0` hadi `local7`, yameachwa kwa matumizi ya mwenye mashine, na skripti zako zitumie hayo. Fungu la `kern` ni la kerneli peke yake. Ukilitaja, `logger` hulibadilisha kuwa `user`.

Ukitumia `-s`, ambayo huonyesha ujumbe pia kwenye skrini, utaona namba kama `<13>` mwanzoni. Hiyo ni namba ya fungu ikizidishwa kwa 8 na kujumlishwa na namba ya ngazi: `user` ni 1, `notice` ni 5, jumla 13. Ukitaka kujaribu bila kuandika chochote kwenye logi, ongeza `--no-act` pamoja na `-s`.

Nawezaje kupeleka matokeo ya skripti nzima?

`logger` isipopewa ujumbe husoma kile inacholetewa, na kila mstari huwa ujumbe wake. Ifuatayo ni skripti ya kunakili mauzo ya duka kwenda kwenye diski ya nje, inayoendeshwa na cron kwa jina la root, mtumiaji mkuu wa mashine; kazi ya kunakili yenyewe hufanywa na amri ya `rsync`:

```
#!/bin/bash
set -o pipefail
LEBO=nakala-mauzo
andika() { logger --id=$$ -t "$LEBO" -p "local3.$1" -- "$2"; }

if ! mountpoint -q /mnt/diski-akiba; then
    andika err "IMESHINDIKANA: diski ya akiba haijaunganishwa"
    exit 1
fi
andika info "Kunakili kumeanza"
if rsync -a /srv/mauzo/ /mnt/diski-akiba/mauzo/ 2>&1 |
     logger --id=$$ -t "$LEBO" -p local3.warning
then
    andika notice "IMEFAULU: mauzo yamenakiliwa"
else
    andika err "IMESHINDIKANA: rsync imerudisha $?"
fi
```

Mstari wa `set -o pipefail` ndio unaoilinda skripti hii isiseme uongo. Bila huo, sheli hupima mafanikio ya amri ya mwisho katika mnyororo, na amri ya mwisho ni `logger`, ambayo itakuwa imefaulu kuandika lawama zote za `rsync`. Skripti ingetangaza IMEFAULU chini ya mistari kumi ya makosa. Sehemu ya `2>&1` inahitajika kwa sababu makosa hutoka kwa njia yake, tofauti na ile ya matokeo ya kawaida.

Ukaguzi wa `mountpoint` nao usiuondoe. Diski isipokuwepo, folda ya `/mnt/diski-akiba` bado ipo kama folda tupu, na `rsync` itanakili humo kwa furaha yote, ikiijaza diski ya mashine yenyewe huku mwenye duka akiamini mauzo yake yako salama mahali pengine. Chaguo la `--id=$$` huweka namba ya skripti katika kila mstari; `-i` peke yake ingeweka namba ya `logger`, ambayo hubadilika kila mara inapoitwa, na usingeweza kujua mistari ipi ni ya mzunguko mmoja.

Ujumbe mmoja, pamoja na kichwa chake, una kikomo cha kilobaiti 1 usipokibadilisha kwa `--size`. Mistari mirefu kupita hapo haitabaki mizima.

Saa za kwenye logi hazilingani na saa tunazotaja. Nisomeje?

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu mazungumzo kati ya fundi na mwenye mashine huharibika mara nyingi kwa jambo hili. Mwenye duka anapiga simu: "Fundi, jana saa mbili usiku mashine iligoma." Logi haina saa mbili yake, ina 20:00. Saa za kuanzia 07:00 hadi 18:00 zipunguze sita, kwa hiyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Za baada ya hapo hadi saa sita ya usiku zipunguze kumi na nane, na za kuanzia 00:00 hadi 06:00 ziongeze sita, kwa hiyo 02:10 ni saa nane na dakika kumi usiku.

Tarehe nayo ina mtego. Mashine hubadilisha siku saa sita ya usiku, lakini kwa watu wengi wa pwani siku hugeuka jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mtu akikuambia tatizo lilitokea usiku wa Ijumaa, muulize kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na ikiwa ndivyo, tafuta tangu jioni ya Alhamisi:

```
journalctl -t nakala-mauzo --since "2025-03-06 18:00" --until "2025-03-07 06:00"
```

Kabla ya yote hayo, hakikisha mashine yenyewe ina saa za hapa. Mashine nyingi husakinishwa zikiwa kwenye UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo jambo la saa nane usiku huonekana kwa tarehe ya siku iliyopita. Amri ya kurekebisha ni `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Habari za zamani hazitaharibika, kwani journald huhifadhi saa kwa UTC na kuzigeuza wakati wa kuonyesha.

Umeme ukikatika ghafla, ujumbe wangu wa mwisho utabaki?

Inategemea uzito wake. Kwa mipangilio ya kawaida journald huhakikisha habari zimefika kwenye diski kila baada ya dakika tano, lakini ujumbe wa `crit`, `alert` au `emerg` hupelekwa papo hapo. Kwa hiyo umeme ukizimika, dakika chache za mwisho za `info` na hata `err` zinaweza kupotea. Kwa mashine isiyo na betri ya akiba unaweza kupunguza muda huo kwa kuweka `SyncIntervalSec=30s` katika `/etc/systemd/journald.conf`, au kuita `journalctl --sync` mara baada ya ujumbe muhimu. Kupandisha kila kitu kiwe `crit` ili kifike haraka kutakuharibia faida yote iliyoelezwa hapo juu.

Hakikisha pia kwamba folda ya `/var/log/journal` ipo. Isipokuwepo, journald huweka habari ndani ya `/run/log/journal`, yaani kwenye kumbukumbu ya muda, na kila mashine inapozimwa zote hufutika. Ikiwa folda ipo, `journalctl --list-boots` hukuonyesha kila mara mashine ilipowaka, na `journalctl -b -1` hukurudisha kwenye mzunguko uliotangulia, ambamo ndimo mlimo mistari ya mwisho kabla ya giza.

Wanaotumia Raspberry Pi wafahamu kwamba matoleo ya kabla ya Raspberry Pi 5 hayana saa yenye betri. Umeme ukirudi wakati intaneti haijarudi, mashine huendelea na saa ya zamani hadi itakapowasiliana na mtandao, na mistari ya mwanzo huwa na saa zisizo za kweli. Mpangilio wa mistari uuamini, saa zake usiziamini.

Naweza kukusanya logi za matawi kadhaa kwenye mashine moja?

Unaweza, na kwa fundi mwenye wateja Chumbageni, Pongwe na Muheza hilo humpunguzia safari. `logger` inaweza kutuma moja kwa moja:

```
logger -n 192.168.1.10 -P 514 -d -t chumba-baridi -p local2.info "Joto: nyuzi -18.6"
```

Chaguo la `-d` ni UDP na `-T` ni TCP, njia mbili za kusafirisha habari mtandaoni. UDP haina risiti: mtandao ukiwa umekatika ujumbe hupotea na `logger` haitakuambia. Tena, ukitumia `-n` ujumbe hauandikwi kwenye mashine ya hapo ulipo. Kwa sababu hizo mbili naona ni bora skripti iandike nyumbani kama kawaida, kisha rsyslog ya mashine hiyo ndiyo ipeleke mbele, kwa mstari mmoja katika `/etc/rsyslog.d/`: `*.* @@192.168.1.10:514`. Alama mbili za `@` ni TCP, moja ni UDP. Habari zikipita kwenye intaneti zifichwe kwa TLS, ambayo kwa syslog hutumia poti 6514, au zipite ndani ya VPN. Vinginevyo yeyote aliye njiani atazisoma.

Je, mtu anaweza kuandika uongo kwenye logi?

Ndiyo, na ni rahisi. Mtumiaji yeyote anaweza kutoa amri ya `logger -t sshd`, lebo ya huduma ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, na kuandika kwamba fulani ameingia kwenye mashine. Lebo ni dai la mwandishi tu. Hata hivyo, journald huongeza habari zake yenyewe ambazo mwandishi hawezi kuzighushi, na majina yake huanza na mstari wa chini: `_UID` ni mtumiaji halisi, `_COMM` ni programu halisi. Ukitilia shaka mstari wowote, uangalie kwa `journalctl -t sshd -o verbose`; ukikuta `_COMM=logger`, basi haukuandikwa na sshd.

Ni mambo gani yasiandikwe kabisa?

Nenosiri, namba za siri za huduma za fedha za simu, na taarifa za wagonjwa au wateja. Ujumbe uliotolewa kwenye mstari wa amri huonekana pia kwa wengine kupitia `ps` wakati amri inaendelea, na hubaki katika historia ya sheli. Zahanati iandike namba ya rekodi, isiandike jina wala ugonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na logi haiko nje ya sheria hiyo.

Logi haitaijaza diski yangu?

Kwa kawaida hapana. journald hujiwekea kikomo cha asilimia 10 ya mfumo wa mafaili, bila kuzidi gigabaiti 4, na unaweza kukishusha kwa `SystemMaxUse`. Ukiwa umeelekeza fungu lako kwenye faili la peke yake kupitia rsyslog, faili hilo ulitengenezee mpango wa logrotate, programu inayopunguza logi zinaponenepa.

Na kwenye Windows au Mac?

Mac inayo `logger`, ila habari husomwa kwa amri ya `log show`. Windows ina `eventcreate`, ambayo huhitaji namba ya tukio kati ya 1 na 1000, kwa mfano `eventcreate /T INFORMATION /ID 100 /L APPLICATION /SO NakalaMauzo /D "Nakala imekamilika"`.

Skripti yangu isipoendeshwa kabisa haitaandika kosa lolote. Nitajuaje?

Hutajua mpaka uweke kitu cha kutafuta ujumbe uliokosekana. Andika skripti ya pili, iendeshwe na cron kila asubuhi, inayouliza kama katika saa 26 zilizopita kuna mstari wa mafanikio. Saa mbili za ziada ni nafasi kwa kazi iliyochelewa kumalizika.

```
journalctl -t nakala-mauzo --since "26 hours ago" | grep -q IMEFAULU ||
  logger -t mkaguzi -p local3.err "Hakuna nakala ya mauzo iliyokamilika tangu jana"
```

Lebo ya mkaguzi iwe tofauti na ya kazi inayokaguliwa. Ikiwa ileile, na ujumbe wa lawama ukataja neno IMEFAULU, ukaguzi wa kesho utaukuta mstari huo na kuridhika. Kama unakusanya logi za matawi, mkaguzi huyu akae kwenye mashine inayopokea, na atafute pia kwa jina la mashine ya tawi, kwa sababu kompyuta iliyozimika huko Pongwe haiwezi kuandika kwamba imezimika.